Ng'ombe Aliyewekwa Kwenye Ratiba ya Darubini

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Walimwengu na watangaziwe! Leo wakati wa chai, mbele ya walimu wenzangu wote (wamenipa mgongo, wanagombania mandazi), mimi Joakimu Tluway, mwalimu wa fizikia, nimebandika ubaoni taarifa ya wiki ya Darubini. Hakuna aliyesoma. Kuku wa mlinzi alipita, akasimama, akainamisha kichwa upande. Nimemhesabu.

Darubini yenyewe haiko hapa Endasak. Iko angani, inaizunguka dunia, inapokea eksirei zinazotoka kwenye nyota zilizolipuka na mashimo meusi. Kila wiki wenye nayo hutoa taarifa: imetazama nini, imepita wapi salama, nini kinafuata. Mimi huisoma kwenye simu, bando likiruhusu, naitafsiri, nabandika. Mwishoni huwa kuna sentensi moja ninayoipenda kuliko wimbo wowote wa kanisani: Shughuli zote zimekwenda kama zilivyopangwa. Nyumbani kwangu sentensi hiyo haijawahi kutamkwa.

Sasa habari mbaya. Bawa la mfano wangu limeibwa!

Mfano wa Darubini niliujenga mwenyewe likizo ya Juni. Mwili ni bomba la maji. Kioo ni karatasi za kung'aa za biskuti. Mabawa mawili ya kunasa jua ni viroba vya chumvi ya mifugo. Nilivikata, nikavipaka buluu, nikachora nyota nyeupe pembeni, nikavikaza kwa kamba ya katani. Nikausimika kwenye ua wa shule, pale njia ya kisimani inapopita, ili umma uone. Ijumaa ulikuwa na mabawa mawili. Leo moja.

Mlinzi anasema ni upepo. Upepo gani unaochagua? Mimi namjua mwizi. Ni Bonaventura Margwe, mwalimu wa kilimo. Tunagombania stoo iliyo nyuma ya maabara. Mimi nataka iwe chumba cha Klabu ya Anga. Yeye anataka kufugia sungura. Sungura! Bodi ya shule inakaa Jumamosi kuamua. Mkuu wetu, Madam Verediana, ametuambia kwamba yeye hana upande. Kwa uzoefu wangu, mkuu asiye na upande ameshachagua sungura.

Jumanne, 9 Septemba

Mzee Gidahosh amekuja shuleni. Nilimkuta mbele ya ubao, fimbo begani, anasomewa taarifa yangu na binti yake Irene wa kidato cha pili. Nikampa shikamoo huku moyo unaruka. Gidahosh ni mjumbe wa bodi. Akinyoosha mkono yeye, wazee wawili wenzake wa kule tambarare hunyoosha pia, hata kabla hawajauliza ni jambo gani.

Akaitikia marahaba. Akauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe wangu (ninaye mmoja), za majani. Kisha akashusha fimbo, kama mtu aliyefika kwenye lango la boma la wenyewe. Halafu akasema ana ng'ombe mwekundu. Hacheui. Ubavu wa kushoto umesimama kama ngoma. Maziwa yanakauka. Na mkwewe amejifungua mapacha, maziwa ya mama hayatoshi, watoto wanaishi kwa ng'ombe huyo. Wengine kiangazi hiki ukiwakamua unapata ya kulowesha kidole.

Ndipo akaniuliza swali lililomleta. Mwaka aliopigwa teke na fahali walimpiga eksirei hospitali, akaonyeshwa ubavu wake mwenyewe uliovunjika, na mwenyewe yuko hai anautazama. Sasa anasikia mwalimu ana eksirei kubwa kuliko ile, iko juu. Je, inaweza kuona ndani ya ng'ombe?

Hapana ni neno fupi. Mtoto wa darasa la kwanza analiweza. Jana tu niliwaambia kidato cha tatu kwamba Darubini haimpigi mtu eksirei; inapokea tu zile zinazokuja, tena imeipa dunia kisogo. Nikafungua kinywa kusema hapana. Kinywa kikasema: "Mzee, tutaangalia ratiba."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema mimi sijawahi kumdanganya hata siku moja.

Ni kweli. Hatujawahi kuzungumza.

Jumatano, 10 Septemba

Hatari! Margwe amemwona yule ng'ombe. Alimkuta kisimani, akambonyeza ubavu kwa ngumi, akatega sikio, akamwambia mzee kwamba huyu amekula kitu. Nailoni, kamba, kitu cha namna hiyo. Kiangazi wanakula chochote. Aitwe bwana mifugo kutoka Katesh leo leo. Atapasua, atatoa, atashona. Yeye Margwe ameshuhudia ikifanyika kwao Bashay, na ng'ombe akasimama kesho yake akadai majani.

Njama naiona waziwazi. Ng'ombe akipona kwa mkono wa Margwe, mzee ni wa sungura na wazee wake wawili nyuma.

Nikapanda bodaboda mpaka bomani. Nikamweleza mzee kwa upole kwamba kupasua bila kuona ni sawa na kubomoa ukuta kumtafuta panya. Kwanza picha, kisha kisu. Sayansi ina utaratibu wake. Alinisikiliza kama watoto wa kidato cha tatu hawajawahi kunisikiliza. Mkwewe alikuwa amekaa mlangoni, mtoto mmoja kila goti. Walikuwa wanalia kwa zamu. Mmoja akichoka, mwenzake anapokea.

Mzee akauliza lini. Nikasema kesho, saa ya chai, uwanja wa mpira, ubavu mbaya uelekee juu. Juu wapi? Nikanyoosha kidole upande wa mlima. Sijui kwa nini. Mlima ndio uliokuwa karibu.

Nilipofika nyumbani mke wangu Konsolata alikuwa anachambua maharage. Habari zilikuwa zimeshanitangulia.

"Baba Sylvester, hiyo mashine inatazama wapi?"

"Juu. Kwenye nyota."

"Na ng'ombe yuko wapi?"

"Chini."

Akarudi kwenye ungo. Akaokota kijiwe, akakitazama, akakitupa mlangoni. Kuna wanawake wanaoweza kukutukana kwa kuchambua maharage.

Alhamisi, 11 Septemba

Nilitegemea ng'ombe mmoja na mzee mmoja. Nikakuta mkutano! Mama Genoveva, mpishi wetu, ameleta goti lake. Kijana wa bodaboda ameleta pikipiki, anasema giaboksi inalia na fundi anambahatishia. Shemeji yangu kapiga simu kutoka Nambis kuuliza kama Darubini itapita na kwao, maana mkewe ana kitu kwenye kibofu. Nikamwambia akasubiri hospitali. Akasema hospitali kuna foleni.

Ng'ombe mwekundu aliletwa polepole, Irene mbele na mzee nyuma. Mnyama mzuri. Pembe zimepinda vizuri kama zimechorwa. Lakini ngozi imelegea, macho yameingia ndani, na ule ubavu wa kushoto uko juu kuliko uti wa mgongo.

Mpango wangu ulikuwa mawingu. Ningesema mawingu yamezuia, twende nyumbani. Mawingu, mwezi wa tisa! Mbingu ilikuwa safi kama sufuria ya bweni baada ya chakula cha mchana. Watu wakaangalia juu. Wakaniangalia mimi. Wakaangalia juu tena.

Nikatoa simu ili nionekane nina shughuli. Na jamani, sikuamini. Tangazo jipya! Jua limechafuka. Limetupa mionzi mingi, na Darubini imefumba jicho, imesimamisha kazi ili isiumie. Wenye nayo wanaandika ratiba upya. Ukweli mtupu, unasomeka, una tarehe! Maishani mwangu sijawahi kupata ukweli uliokuja kwa wakati namna hii.

Nikawasomea kwa sauti ya misa. Hakuna aliyenilaumu. Mama Genoveva alilitikisia jua mwiko. Yule wa bodaboda alipiga teke pikipiki, akaondoka, giaboksi ikilia njia nzima.

Mzee Gidahosh alivua kofia.

"Jua hili hili, mwalimu?"

"Hili hili, mzee."

Akaliinamia kidogo. Akaniambia kwao jua huombwa, halibishiwi. Kama limesema lisisumbuliwe, basi atasubiri mpaka litulie. Akasema hivyo kwa imani kabisa, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama padri.

Walipoanza kuondoka ng'ombe alilala golini. Ilibidi wanaume watatu wamwinue kwa mkia.

Ijumaa, 12 Septemba

Asubuhi mzee alikuwa getini kabla ya kengele. Kanikuta na chaki mkononi.

"Mwalimu, limetulia?"

Nikasema bado. Nikasema ratiba mpya inasema Jumapili. Ratiba mpya haisemi hivyo. Ratiba mpya inasema galaksi. Jumapili niliichagua mimi, kwa sababu Jumamosi ni bodi. Kura zikishapigwa, na aje bwana mifugo, aje na msumeno akipenda. Hesabu yangu ilikuwa nzuri. Ng'ombe tu ndiye hakushirikishwa.

Mzee akauliza mpaka Jumapili ampe nini. Nikasema maji. Ndiyo tiba pekee ninayoijua, hata gari hupewa.

Jioni alikuja Margwe nyumbani kwangu. Margwe! Hajakanyaga hapa tangu ubatizo wa Sylvester. Alikataa chai. Akakaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini.

Akasema, "Joakimu, chukua stoo. Sungura nitawaweka kwangu. Nitamwambia Madam kwa mdomo wangu. Ila leo, jua halijazama, nenda kamwambie mzee ukweli. Mimi nimemwambia, hanisikii. Anasema anangoja neno la mwalimu."

Mtego! Niliunusa. Nikiungama leo, kesho bodi itampa nani stoo, mwongo aliyeungama au mfuga sungura mwenye huruma? Nikamwambia nitafikiri.

"Kufikiri kwako ndiko kulikotufikisha hapa, ndugu yangu," akasema, akanyanyuka.

Konsolata alimsindikiza. Walisimama getini muda mrefu kuliko desturi inavyodai. Aliporudi alikwenda moja kwa moja chumbani. Aliniletea viatu, akaviweka mbele yangu, vimeelekea mlangoni.

Nilivivaa. Na liandikwe hilo: nilivivaa. Nikafika mpaka zizini kwetu, nikamtazama ng'ombe wangu akicheua. Nikakumbuka wale wazee wawili na mikono yao. Nikarudi, nikavivua.

Jumamosi, 13 Septemba

Bodi ilifunguliwa kwa sala. Viti vitatu vilikuwa vitupu: cha Gidahosh na vya wazee wake. Kabla Madam Verediana hajasoma ajenda, Irene akagonga mlango, kanga kichwani badala ya sare. Akatuamkia wote shikamoo, mmoja mmoja, hakuruka mtu. Kisha akasema baba anaomba radhi, hatafika. Ng'ombe ameanguka alfajiri na hakuinuka.

Madam akafunga faili. Akasema ng'ombe wa mapacha ni msiba, twendeni. Tukaenda sote kwa miguu. Mimi nyuma.

Tulikuta wameshaanza kuchuna. Margwe alikuwa pale kabla yetu, mikono ya shati imekunjwa, na bwana mifugo yuko pembeni na begi ambalo halikufunguliwa. Wakapasua tumbo kubwa. Majani. Majani. Kisha kisu kikakwama. Margwe akaingiza mkono mpaka begani, akavuta. Kikatoka kirefu, kimeviringwa na kamba ya katani, kikaanguka chini na kujifungua chenyewe taratibu, kama mtu anayeamka.

Buluu. Nyota nyeupe pembeni.

Hakuna mjumbe wa bodi asiyepita kwenye ule ua. Wote walijua. Hakuna aliyeniangalia. Afadhali wangeniangalia.

Mzee Gidahosh aliliokota bawa. Akaomba dumu la maji, maji ya kuchotwa kule kisimani, akaliosha upande mmoja, akageuza, akaosha wa pili. Akalikung'uta. Akalikunja mara nne kama mtu anavyokunja shuka. Akaniletea.

"Mwalimu, hii ni yako."

Nikapokea kwa mikono miwili. Adabu haikuniacha hata pale.

Akasema ng'ombe wake wanapenda sana chumvi. Angejua kwamba kile kitu ni cha chumvi, angewapitisha njia nyingine. Hakusema kwa kunisuta. Ndiyo shida. Alikuwa ananieleza kosa lake.

Jumapili, 14 Septemba

Sikwenda misa. Kichwa. Konsolata hakuuliza ni upande gani wa kichwa.

Chai ilikuja ya rangi. Nikauliza maziwa yako wapi. Akasema yamekwenda bomani kwa Mzee Gidahosh, na yatakwenda kila asubuhi. Mpaka lini? Akasema mpaka watoto watafune.

Nimesikia Margwe naye amepeleka mbuzi wake wa maziwa, yule mweusi mwenye ndevu anayejisifia, akamkabidhi pamoja na kamba. Siku hizi huyu bwana hatuachii hata pa kusimama.

Mchana nikasema naenda kumpa mzee pole. Nilikuwa nimeshapanga maneno: upepo wa mwezi wa tisa, ubora wa kamba za siku hizi, na kwamba jua lilichafuka kweli, ushahidi ninao kwenye simu.

Konsolata akasema, "Nenda. Lakini usiende na maelezo."

Sikwenda. Bila maelezo sina cha kubeba.

Jumatatu, 15 Septemba

Taarifa ya wiki. Leo naandika yaliyotokea hasa, na sibandiki popote.

Hakuna aliyeiba bawa. Kamba niliifunga vibaya, upepo ukalibeba, likaangukia njia ya kisimani, ng'ombe mwenye njaa ya chumvi akalila. Jumanne nilijua kwamba Darubini haioni ng'ombe. Jumatano nilijua kwamba Margwe anasema kweli. Alhamisi jua lilichafuka, lakini hata lingetulia ningetafuta kingine. Ijumaa niliombwa, nikaletewa hata viatu. Bwana mifugo amenisimamisha barabarani asubuhi hii, bila mimi kumwuliza, akaniambia angeitwa Jumatano huyo ng'ombe leo angekuwa anakula. Hata Alhamisi. Akanitakia siku njema.

Nilitaka stoo. Ndiyo hiyo tu. Watoto wawili walinyimwa maziwa kwa ajili ya chumba kisicho na dirisha.

Nimeyaandika yote bila kujitetea na nimejisikia mwepesi kabisa. Nadhani mtu aliyejifunza hujisikia hivi.

Halafu Madam Verediana akaniita. Hakunikaribisha kiti. Akasema Mwalimu Margwe ameondoa ombi lake, hakuna mwingine anayetaka kile chumba, na akasukuma ufunguo mezani kwa kalamu, bila kuugusa. Nimeshinda! Nilitoka nje nikitafuta wa kumwambia. Mama Genoveva aliniona, akaingia jikoni akichechemea.

Lakini chumba hakina dirisha, kama nilivyosema. Umma hautaona kitu humo. Kwa hiyo mfano wa Darubini umebaki pale pale kwenye ua, na kwa kuwa Darubini yenye bawa moja ni aibu kwa taifa, leo nimeutengenezea mabawa mapya. Nimelifanyia kazi kosa kisayansi. Kosa lilikuwa chumvi. Chumvi haitatumika tena. Mwenye duka kanipa viroba vya sukari, vizuri, vizito, havina chumvi hata chembe; vimebaki tu na utamu kidogo kwenye mishono. Nimevipaka buluu, nyota pembeni. Nimefunga kwa kamba ya katani, fundo lile lile, maana jingine silijui.

Na habari njema imekuja kwenye simu: jua limetulia, Darubini imefumbua jicho. Shughuli zote zimekwenda kama zilivyopangwa. Nimeibandika ubaoni wakati wa chai. Walimu wamenipa mgongo, safari hii hata mandazi hawagombanii.

Naandika haya nikiwa dirishani mwa ofisi. Irene anapita kwenda kisimani na yule mbuzi mweusi wa Margwe, ambaye sasa ndiye maziwa ya mapacha. Binti ameweka ndoo chini, anafunga kiatu. Mbuzi amesimama mbele ya kazi yangu. Amepandisha miguu ya mbele juu ya ua. Amenyoosha shingo, anaitazama kwa makini ambayo sijawahi kuiona kwa kiumbe yeyote wa shule hii.

Nimemhesabu.